Somo: SHA hatua kwa hatua, kuanzia kujisajili hadi kulazwa

Wengi wetu tulijisajili SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya umma hapa Kenya, ujumbe ukaingia kwenye simu, tukaona mambo yamekwisha. Kumbe kusajiliwa ni jambo moja na kuwa na bima inayofanya kazi ni jambo jingine. Watu huijua tofauti hiyo wakiwa wamesimama dirishani hospitalini, mgonjwa kaegemea ukuta.

SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF, bima ya hospitali ya zamani ya serikali, chini ya sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023. Ndani yake mna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: unajazwa na serikali kwa pesa za kodi, na hulipia matibabu ya kwenda na kurudi, bila kulazwa, katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Wa pili ndio bima yenyewe. Huo unajazwa na michango yetu, na ndio unaobeba hospitali za kaunti ndogo, za rufaa kama Coast General ya Mombasa, na zile za kitaifa kama Kenyatta na Moi ya Eldoret. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu na mazito; kwa maradhi hayo huingia pale kiwango cha bima kinapoisha. Mtu akikwambia "SHA ni bure" au "SHA hailipi kitu", muulize kwanza anazungumzia mfuko upi.

Hatua ya 1: Jisajili. Piga *147#, au ingia tovuti ya Afya Yangu, au nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ukiwa na kitambulisho. Mzee asiyejua simu asaidiwe na mhudumu wa afya wa jamii wa mtaani kwenu. Aliyekuwa NHIF naye alitakiwa kujisajili upya, kwa hiyo ile kadi ya zamani isikudanganye.

Hatua ya 2: Ingiza mwenzako na watoto. Angalia majina. Mtoto ambaye mamake ni Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa na Aisha kwenye kitambulisho atakusumbua, na hutaki kuanza kurekebisha hayo usiku wa homa.

Hatua ya 3: Pimwa uwezo. Hii ni kwa asiye na mshahara: mvuvi, mama mboga, bodaboda, fundi. Utaulizwa nyumba imejengwa kwa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, maji mnayapata wapi. Kutokana na majibu, mfumo hukupangia kiasi cha mwaka. Wengine hapa hubonyeza harakaharaka ili wamalize, kisha hushangaa kupangiwa pesa nyingi. Keti, soma kila swali, jibu ukweli wa nyumba yako.

Hatua ya 4: Lipa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Wa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi anakatwa 550, ilhali NHIF ilimkata 750. Wa 100,000 anakatwa 2,750, na zamani alikuwa akikatwa 1,700. Ndiyo maana kelele zilitoka zaidi juu kuliko chini. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 au zaidi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mpango huu unapowabana wanyonge, maana kibarua hapati pesa kwa mwaka, anapata kwa siku. Mwaka 2025 ukaja Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa pesa za mwaka, kisha unarudisha kidogo kidogo. Inasaidia, ila ni mkopo.

Hatua ya 5: Anzia chini. Kikohozi, malaria, kupima presha: nenda zahanati. Huko, ukiwa umesajiliwa tu, unatibiwa hata kama hujachangia. Ikihitajika rufaa, chukua barua. Ukifika hospitali kubwa utathibitishwa kwa alama za vidole. Kabla hujakubali kulazwa, uliza bima inabeba nini na wewe unaongeza nini.

Maswali ya wanachama

Zahanati yetu ni bure lakini dawa hakuna, naambiwa nikanunue nje. Hiyo ni haki?
Si haki, lakini jua pa kulalamikia. Tangu ugatuzi wa 2013 zahanati ziko chini ya kaunti. SHA hulipa kituo, haijazi rafu za dawa. Mwakilishi wa wadi wako ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mimi na mume wangu sote tumeajiriwa. Mbona tunakatwa wawili?
Sheria inamkata kila mwenye mshahara. Hakuna namna ya mmoja kujitoa.

Naweza kumuingiza mamangu mzazi kwenye bima yangu?
Hapana, wazazi huhesabiwa kuwa kaya yao wenyewe. Msajili kwa kitambulisho chake, kisha umlipie mchango wake wewe. Vijana wengi wa mjini hufanya hivyo.

Nina mimba ya miezi mitano, sijalipa. Nitazalia zahanati bure kama enzi za Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure?
Usibahatishe, dada. Kuzaa kunalipwa na mfuko wa bima, hata ukizalia ngazi ya chini, kwa hiyo mchango wako uwe umelipwa. Bima hutoa 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi ikidai zaidi, ziada ni yako. Lipa sasa, usingoje uchungu.

Kijana wangu wa bodaboda akigongwa usiku na hana bima, watamfukuza?
Hawaruhusiwi. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wakiomba amana mlangoni, kitaje kifungu hicho kwa sauti na uombe aitwe msimamizi wa zamu. Akishatulia, bili ya kulazwa itakuja, kwa hiyo mlipie mchango wake mapema.