Kuzaliwa mara ya pili: namna ya kuanza na namna ya kuendelea

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, watu wa kanisa huulizana tarehe ya kuokoka jinsi wanavyoulizana tarehe ya kuzaliwa. Mtu aliyepita mbele katika kampeni ya injili huandikwa jina, huombewa, kisha hurudi nyumbani Ndosho au Majengo akiwa na furaha isiyojua pa kuanzia. Maelezo haya ni kwa ajili yake, na pia kwa yule anayesitasita bado mlangoni. Katika miaka ya kuwasindikiza wapya nimeona kwamba wengi wanaorudi nyuma hurudi kwa sababu hakuna aliyewaeleza la kufanya Jumatatu asubuhi.

Anza na Nikodemo. Injili ya Yohana, sura ya 3, yasema kwamba Farisayo huyo, mkuu na mwalimu wa Wayahudi, alimwendea Yesu usiku, naye Yesu akamwambia kwamba ni lazima mtu azaliwe mara ya pili. Neno la Kigiriki lililoandikwa pale kwa «mara ya pili» lina maana mbili, «tena» na «kutoka juu», na Nikodemo alisikia ile ya kwanza tu. Ndiyo maana akauliza jinsi mzee atakavyorudi tumboni mwa mama yake. Soma sura hiyo polepole, mara tatu au nne, kabla ya kufanya jambo lingine lolote, kwa kuwa inakutua mzigo mkubwa: mtoto hajizai mwenyewe. Kuzaa ni kazi ya Roho wa Mungu, na sehemu yako ni kutubu, kuamini na kupokea.

Unapotubu, tafuta mahali patulivu na uzitaje dhambi kwa majina yake. Sala ya «nisamehe yote» ni nyepesi mno kwa mtu anayejua vizuri alichofanya. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaihusisha na toba ya Mfalme Daudi baada ya kuzini na Bathsheba, ni kielelezo kizuri. Omba kwa lugha inayotoka moyoni, iwe Kinande, Kihunde, Mashi au Kiswahili. Machozi yakija, yaache. Yasipokuja, usiyatafute, kwa maana Biblia haikuyaweka kuwa sharti.

Baada ya sala huja hatua ambayo wengi huiruka, nayo ni kurudisha. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia nyumbani kwake. Katika Luka 19 aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kumbuka kwamba Sheria ya Musa ilimtaka mtu anayeungama udhalimu wake arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano, ilhali mara nne ilikuwa hukumu ya mwizi wa kondoo. Zakayo alijihukumu kwa kipimo kile kizito bila kushtakiwa na mtu. Vivyo hivyo uamsho ulioenea Afrika Mashariki kuanzia Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ulijulikana kwa watu walioungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa maana mimi mwenyewe nilipookoka nilikuwa nimekula fedha za mama mmoja katika likelemba yetu ya sokoni, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, nikamwambia kwamba hesabu ilikosewa. Niliimba kwaya miezi minne nikiwa na jambo hilo kifuani. Siku nilipomwendea nilibeba theluthi ya fedha, nikamweleza ukweli wote mbele ya mume wake, nikaomba muda wa kulipa zilizobaki. Fanya hivyo nawe: andika deni lako kwenye karatasi, jina kwa jina, uanze na mtu maskini zaidi. Usimwendee mtu ambaye ungamo lako litamweka hatarini kabla ya kushauriana na mchungaji au padri mwenye kutunza siri. Ikiwa mwenye mali amekufa au amekimbia vita, watafute jamaa zake. Wasipopatikana, wape maskini.

Sisi wa Goma tunayajua mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini bila rangi wala harufu, ambayo kwa uzito wake hujikusanya mabondeni, hata mtu aliyesimama akapita pale ambapo mtoto au mbuzi anaanguka na kufa. Maisha ya zamani nayo yana mabonde yake. Chunguza ni saa gani, mahali gani na katika kundi gani ulikuwa ukianguka, iwe kwenye kasiksi (pombe ya ndizi), uzinzi au ugomvi wa nyumbani, kisha ubadilishe njia ya kurudi kutoka kazini ikibidi. Tafuta mtu mmoja aliyekomaa katika imani, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, mwonane kila juma, asome nawe Injili ya Marko yenye sura 16 fupi, na akuulize maswali bila kukuonea haya.

Jambo lingine laniuma kuliko yote. Aliyeona ndugu zake wakiuawa anaweza kuokoka kweli kweli na bado akakosa usingizi, akashtuka kwa kila mlio. Hilo ni jeraha la vita, na mtu wa namna hiyo aombewe huku akipelekwa kwa mganga wa hospitali au mshauri. Yeyote anayedai dola ili akutoe pepo, au anayemwita mtoto wako mchawi, mkimbie siku hiyo hiyo. Kusamehe nako hakuondoi haki ya kushtaki mbele ya sheria.

Kuhusu ubatizo, makanisa yetu hayafundishi sawasawa. Kwa Wakatoliki na Waanglikana, kuzaliwa kwa maji na kwa Roho kunafungamana na ubatizo wenyewe, hata wa mtoto mchanga, na mtu mzima asiyebatizwa huandaliwa kwa ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo. Wabatisti na Wapentekoste hungoja ungamo la imani, kisha humzamisha mtu majini. Ingia darasa la kanisa lako na umalize mafundisho yote, hata kama rafiki yako wa kanisa jingine amebatizwa baada ya juma moja. Wanaozamishwa hapa mara nyingi hushuka ziwani Kivu, kando ya wale wanaochota maji kwa bidoni. Nenda na nguo kavu, mwambie mchungaji mapema ikiwa unaogopa maji au una kifafa, na umwalike yule uliyemrudishia mali yake, ikiwa amekubali kukusamehe.