Sanduku la Kumbukumbu: Kuunganisha Picha na Kazi ya Mkono

Sanduku la kumbukumbu ni sanduku la kutundika ukutani, lenye kioo mbele, linalokutanisha picha na kitu ulichokitengeneza kwa mkono. Kabla ya kununua ubao wala gundi, chagua kumbukumbu moja, nayo iwe finyu: si maisha yote ya nyanya, bali alasiri ile alipoketi mlangoni akisokota katani pajani.

Picha asilia isiingie sandukuni kamwe. Picha za rangi za zamani huchujuka zikikaa kwenye mwanga, na gundi ikishashika haibanduki bila kuchana karatasi. Kwa hiyo ipeleke studio ikaskaniwe, kisha uchapishe nakala mbili za ukubwa tofauti kwenye karatasi isiyong'aa. Joseph Cornell, Mmarekani aliyefariki mwaka 1972 na anayejulikana kwa masanduku yake ya sanaa yenye kioo mbele, naye alitumia sana nakala za picha.

Seremala wa soko la Gikomba, Nairobi, atakuundia sanduku la sentimita 30 kwa 20, lenye kina cha sentimita 8, mgongo wa plaiwudi na mfereji wa kutelezesha kioo cha milimita 3.

Kitu cha mkono kisirudie kilichomo pichani. Kibebe kile ambacho kamera haikukipata. Nunua katani soko la Kariokor, pia Nairobi, uisokote mwenyewe, kisha usuke kitako cha kiondo, yaani kikapu cha katani, chenye upana wa kiganja na ukiache hapo, nyuzi zikining'inia. Kikienda upande, usikifumue. Kwangu mimi kina thamani kuliko kiondo kizuri cha dukani, kwa kuwa vidole vinapohangaika ndipo yanaporudi mambo uliyodhani umeyasahau: harufu ya katani, wimbo aliouimba kwa sauti ya chini, jina la jirani aliyepita akisalimu. Yaandike papo hapo, maana huenda mojawapo likadai kitu chake sandukuni.

Panga vyote bila gundi, usimamishe sanduku, ulitazame kwa siku mbili au tatu, kisha uondoe kimoja. Nakala kubwa ibandike mgongoni. Ndogo iinue kwa vipande vya kadibodi hadi sentimita 3 mbele yake, ili kivuli chake kiiangukie ile ya nyuma. Gundi nyeupe ipakwe nyembamba kwa brashi, kwani ikizidi, maji yake hukunja karatasi. Kitako cha kiondo kifunge kwa waya uliopitishwa kwenye matundu ya plaiwudi.

Subiri saa 24 kabla ya kutia kioo, na mwezi wa Julai, Nairobi inapokuwa na baridi na mawingu, ongeza siku nzima, la sivyo unyevu utanaswa ndani na kioo kitafanya ukungu. Litundike kwenye ukuta usiopigwa na jua.