Kuvunja maji kwa eksirei kati ya almasi mbili: hatua kwa hatua

Tumezoea kuzichukulia eksirei kama jicho: zinapita ndani ya kitu na kutuonyesha kilivyopangika. Kwa sisi tunaobana vitu kati ya almasi, eksirei ni mkono pia. Zinagusa, zinavunja, zinaunda. Mwaka 2006 Wendy Mao na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi barafu iliyobanwa na kupigwa eksirei kwa muda mrefu ilivyogeuka mchanganyiko mango wa oksijeni na haidrojeni. Ni jaribio zuri la kuanzia, kwa sababu kila mtu anayajua maji.

Hatua ya 1: Gasketi

Gasketi ni bati lenye tundu linalofungia maji kati ya almasi. Chukua bati la chuma cha pua la unene wa mikroni 250 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Libane kati ya almasi zenye ncha bapa za mikroni 300 mpaka katikati pabaki mikroni 40 hivi, kisha toboa tundu la mikroni 120 kwa mashine ya cheche. Tundu hilo halifikishi nusu nanolita; tone moja la maji lingejaza matundu zaidi ya laki moja. Likikaa upande, tupa, anza upya. Ukikaza, litazidi kuhama.

Hatua ya 2: Yakuti na maji

Weka punje moja au mbili za yakuti nyekundu, za mikroni 10, kwa ncha ya sindano nyembamba. Wengi huigusisha sindano kwenye ngozi ili punje inate. Kwa kazi hii usifanye hivyo: mafuta ya ngozi yana kaboni, na chini ya eksirei yataleta kemia ambayo hukuikusudia. Subiri umeme tuli uishike punje.

Dondosha maji safi kabisa, funga haraka kabla hayajakauka. Kipovu cha hewa kikibaki ndani, fungua urudie. Hewa ina oksijeni, na oksijeni ndiyo tunayoitafuta.

Hatua ya 3: Kaza

Kaza skrubu zinazobana almasi, kisha piga yakuti kwa leza usome mstari mwekundu wa mwanga wake, ambao ndio kipimo chetu cha mgandamizo. Bila mgandamizo uko nanomita 694.2, ukifika 697.8 uko karibu na gigapaskali 10, yaani takriban mara laki moja ya mgandamizo wa hewa. Njiani maji yataganda mbele ya macho yako, kwenye joto la kawaida la chumba, karibu na gigapaskali 1. Kupita 2 hivi unapata barafu ya saba, mojawapo ya mipangilio ya barafu, ile tunayoihitaji.

Hatua ya 4: Miale

Hapa unahitaji sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali, kama ile ya Argonne karibu na Chicago. Chagua nishati ya takriban kiloelektronivolti 10. Almasi ya milimita 2 itakula sehemu kubwa na kupitisha kama moja ya tano tu, na unaweza kushawishika kupanda hadi 30, ambako almasi inapitisha zaidi ya asilimia 80. Lakini barafu nayo itaziachia eksirei zipite bila kuguswa. Kubali hasara, pigisha kwa saa kadhaa.

Kinachotokea ndani ni hiki: fotoni inang'oa elektroni kwenye oksijeni, nayo elektroni hiyo inakwenda ikigonga na kukata vifungo vingi. Katika maji ya kawaida vipande vingi hurudiana. Katika barafu iliyobanwa vimesongamana, oksijeni inashikana na oksijeni, haidrojeni na haidrojeni.

Hatua ya 5: Soma, kisha utilie shaka

Kwenye spektra ya Raman, yaani mwanga wa leza unaorudi ukiwa na alama ya kila molekuli, oksijeni huonekana kuanzia 1556 sm⁻¹ na haidrojeni kuanzia 4155, zote zikisogea kwa mgandamizo. Niliwahi kufurahia kilele cha 1556 jioni nzima. Kilikuwa hewa ya chumbani, iliyo kwenye njia ya leza. Nitrojeni, alama ya hewa, ilisimama pale 2331, sikuiangalia. Siku hizi naangalia 2331 kwanza.

Usimalize bila shahidi. Upande wa barafu usiopigwa miale hautoshi, kwa kuwa haidrojeni hupenya. Andaa kifaa pacha: maji yaleyale, mgandamizo uleule, saa zilezile, bila eksirei. Kama pacha naye amebadilika, eksirei hazihusiki.

Mwisho legeza skrubu taratibu chini ya hadubini, ukirekodi. Barafu ikiyeyuka, gesi zilizofungwa hutoka kama vipovu. Vipige Raman hapohapo, kabla havijatoroka.