Jinsi ya kuomba rekodi yako ya FBI kabla mwajiri hajaiona

Kama unaishi Marekani au uliwahi kuishi, na kazi unayoitafuta wanacheki rekodi za polisi, nakuomba sana ujicheki mwenyewe kwanza. Mimi nilikamatwa mara moja miaka ya nyuma, kesi ikafutwa, nikarudi nyumbani nikasahau kabisa, kumbe kwenye rekodi tarehe ya kukamatwa ipo, kosa lipo, ila pale panapoandikwa kesi iliishaje pako tupu. Anayesoma anaona tu huyu alikamatwa. Kazi ya kutunza wazee niliyokuwa nimeshaahidiwa ikaondoka kwa sababu ya hako kamstari katupu.

Kuomba kwenyewe sio kugumu. Ingia edo.cjis.gov, hiyo ndo ya FBI wenyewe, weka imeili yako watakutumia linki, afu jaza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na sababu ya kuomba, lipa $18 kwa kadi. Hakikisha anwani ya tovuti inaishia na .gov. Kama hiyo $18 huna kabisa unaweza kuomba usamehewe, lakini wasiliana nao kabla hujatuma maombi, sio baada. Ukimaliza utapata imeili yenye namba ya oda, itunze maana bila hiyo huendi popote.

Sasa alama za vidole, na hapa ndo watu wengi wanakwama. Kama uko Marekani chukua ile imeili nenda kwenye posta mojawapo zinazopiga alama kwa mashine, sio posta zote wanafanya, orodha iko hukohuko mtandaoni, na posta wana malipo yao mbali na ile $18. Kama uko nje unapigwa za wino kwenye fomu FD-1164, polisi wa huko uliko mara nyingi wanaweza kukusaidia, afu unatuma kwa barua Clarksburg, West Virginia, pamoja na nakala ya ile imeili ya oda. Kila kidole kinaviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha mpaka ukingo wa pili, vyote kumi, afu vinabonyezwa tena bapa kwa pamoja, na wino ukizidi mistari inazama inakuwa doa jeusi tu na hiyo watairudisha. Sisi tunaoosha vyombo na kusugua sakafu na madawa makali mistari inalika, mimi nilikaa siku kadhaa napaka losheni usiku, ila siku ya kwenda usipake, vidole viwe vikavu. Kwa wino piga kadi mbili au tatu uzitume zote, moja ikiwa mbaya wanatumia nyingine.

Ukipitia posta kwa mashine majibu yanakuja haraka kwenye linki, kwa barua jiandae kusubiri wiki kadhaa. Pakua na uisevu siku hiyohiyo. Kama huna kitu utapewa karatasi inayosema hawana rekodi yako. Kama unacho, soma kila kukamatwa na uulize swali moja, matokeo ya kesi yameandikwa?

Kama hayajaandikwa nenda kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi, omba nakala ya matokeo yenye muhuri (fotokopi ya kawaida inaweza kukataliwa), afu peleka pingamizi FBI. Pingamizi ni bure. Unaweza pia kupitia ofisi ya rekodi ya jimbo lililokukamata, na mimi nashauri ufanye hivyo hata kama FBI wamesharekebisha, kwa sababu jimbo lina faili lake na taarifa nyingi za FBI zinatoka huko.

Kitu kingine watu wanachanganya, hii karatasi unayoomba mwenyewe ni ya kujiangalia, au ya visa na kazi za nje ya Marekani. Kwa kazi nyingi au leseni za humo ndani sheria inaweza kutaka maombi yapitie jimbo au taasisi inayohusika, kwa hiyo muulize mwajiri kabla hujatumia hela. Na ikiwa unaipeleka nchi nyingine wakataka muhuri wa apostili (unaothibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine), hiyo inatoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani sio kwa jimbo, maana ni hati ya serikali kuu.

Na mwajiri anayetumia kampuni ya kucheki rekodi lazima akuombe ruhusa ya maandishi, na kabla hajakunyima kazi kwa sababu ya ripoti lazima akupe nakala yake. Mimi sikujua hilo nikaondoka kimya. Wewe idai hiyo nakala, weka pembeni na ile ya FBI, pitisha kidole mstari kwa mstari, na ukikuta kosa iandikie hiyo kampuni siku hiyohiyo ukiambatanisha karatasi ya mahakama.