Kupima g kwa uzi na nati: usianze kuhesabu na moja

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alipima g (mchapuko wa mvutano wa dunia) mara tano, mara zote akapata karibu 10.8. "Mjomba, si unaona majibu yanashikana?" Yanashikana, ndiyo, na yote ni mabaya.

Hatua ya 1. Funga nati kwenye uzi wa pamba (nailoni sitaki, inarefuka), ubane juu kati ya vibao viwili. Urefu L ni kutoka uzi ulipobanwa hadi katikati ya nati. Tuseme 0.800 m, na kwa rula ya mita usidai usahihi zaidi ya ± 0.002 m.

Hatua ya 2. Vuta nati kando kidogo, pembe isifike digrii 10, achia.

Hatua ya 3. Muda. Kidole huwahi au huchelewa, kipe 0.2 s. Ukipima mbembeo mmoja (kwenda na kurudi) wa 1.8 s, hiyo ni asilimia 11. Ukipima 20, haifiki asilimia 0.6. Simu itakuonyesha sehemu ya mia ya sekunde. Usiiamini, kidole ni kilekile. Bonyeza nati inapopita alama ya chaki pale katikati, si mwishoni inakozubaa.

Sasa kuhesabu, palipotula jioni nzima. Unapobonyeza kuanza, sema "sifuri". Kijana alisema "moja", hivyo "ishirini" yake ilikuwa mibembeo 19. T (muda wa mbembeo mmoja) ikapungua asilimia 5, na kwa kuwa kwenye fomula ya g T iko chini kwa mraba, g ikapanda karibu asilimia 11. Angerudia mara mia, wastani ungebaki palepale. Nilimchoresha grafu ya T² na L nikidhani itamuumbua, wapi! Grafu hufichua L iliyopimwa vibaya, maana mstari haupiti sifuri. Kosa hili hubadili mwinuko tu, mstari unapita sifuri bila aibu. Kilichotuokoa ni kupima mibembeo 10, kisha 20. T zake zikawa 1.62 na 1.71. Uzi uleule! Tofauti hiyo kidole hakiwezi kuileta.

Hatua ya 4. g = 4π²L/T². Kwa mibembeo 20 ya 35.9 s, T ni 1.795 s, g ni 9.80. Shaka la T (lile la kidole, asilimia 0.6 hivi) liongeze mara mbili kwa ajili ya mraba: asilimia 1.1. La L ni 0.25, linamezwa. Andika 9.8 ± 0.1 m/s². Ukiniletea 9.8023, nakukata maksi.