Samaki wa mshipi wako hauzwi: kwa ndugu mnaovua New Zealand

Siku yangu ya kwanza kuvua Auckland nilisimama gatini karibu na mzee mmoja. Akavuta snapper, yule samaki wa kule anayefanana na changu wetu, akamlaza kwenye rula ya plastiki, akatikisa kichwa na kumrudisha majini. Sentimita 28. Kipimo cha pale ni 30. Mimi niliyezoea kuona changu wa ukubwa wa kiganja wakipangwa mafungu pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, nikajua mzee amechanganyikiwa.

Wiki hiyohiyo jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp akatupia picha ya ndoo imejaa: "Samaki wa leo, dola 15 kilo, nani anataka?" Watu sita wakajibu kabla chai yangu haijapoa. Hakuna aliyejua kwamba tangazo lenyewe, hata kabla samaki mmoja hajabadilisha mkono, tayari ni kosa.

Kwetu mvuvi ni mvuvi. Anayetoka na ngalawa na anayekaa mwambani na mshipi wote wakipata cha ziada wanauza, na hakuna anayewauliza kitu. New Zealand kuna wavuvi wa aina mbili na ukuta katikati yao. Tangu 1986 samaki wa biashara huvuliwa kwa mgao: haki ya kuvua tani kadhaa za aina fulani ni mali, inanunuliwa na kuuzwa kama kiwanja, na kila kilo inaandikwa. Wewe unayekwenda na fimbo yako Jumamosi uko upande wa pili. Baharini huhitaji hata leseni, ila unachopata ni cha kula, si cha kuuza. Ukikiuza unavua kutoka kwenye kikapu cha mtu aliyelipia, na unachukua samaki ambao hawahesabiwi popote.

Sasa neno "kuuza". Sheria ya Uvuvi ya 1996 imelitanua kuliko tunavyolitanua sisi sokoni. Kubadilishana kumo: umempa fundi snapper wanne naye akakufungia breki bila malipo, hiyo ni biashara. Bahati nasibu imo, kwa hiyo kamba kochi wa kuchangisha pesa za timu ya mpira ya vijana hapiti. Kutangaza kumo, na kuweka samaki kwa nia ya kuuza kumo. Sahani za samaki wa kukaanga kwenye harambee ya kanisa, kama samaki walitoka kwenye mshipi wa muumini, nazo zimo, hata pesa zote zikienda kwenye msiba. Ile lugha yetu ya adabu, "si bei, ni mchango wa mafuta tu", haimpumbazi mtu. Mliopanda boti pamoja kugawana gharama ya safari ni jambo lenu. Anayebaki nyumbani akatoa hela apate samaki, huyo amenunua.

Kununua nako ni kosa. Nalisema kwa sababu wengi wanadhani mzigo wote ni wa muuzaji. Ukimkuta mtu anauza pāua nyuma ya gari kwa bei ya kutupa (yule konokono mkubwa wa baharini mwenye gamba la rangi ya tausi, anayetafutwa sana kwa magendo), pita zako. Na nyie mama ntilie wetu mnaopika pilau na samaki wa kupaka kwa oda, nunueni dukani au kwa mfanyabiashara mwenye kibali, na risiti msizitupe.

Kugawa bure kunaruhusiwa. Mpelekee jirani, mpelekee mgonjwa, alika watu. Jirani Mmaori, yaani mwenyeji wa asili wa nchi ile, akikuletea pāua, pokea na ushukuru. Wao wana utaratibu wao wa kuvua kwa kibali cha mila kwa ajili ya misiba na mikutano, lakini hata samaki hao hawauzwi.

Idadi nayo inaweza kukuponza. Auckland kiwango cha snapper ni saba kwa mtu kwa siku. Ukikutwa na zaidi ya mara tatu ya kiwango, sheria inakuchukulia kwamba umevua kwa ajili ya kuuza, na ni juu yako kuthibitisha vinginevyo. Yaani 22 kwenye ndoo moja, na mwenzio hayupo wa kusema saba ni zake, umeshageuka mfanyabiashara. Mimi nikiweka samaki kwenye friza naandika juu ya mfuko tarehe, mahali na jina la aliyevua. Mke wangu ananicheka kwamba nimefungua ofisi ya serikali jikoni. Acha acheke.

Viwango na vipimo hubadilika kutoka pwani moja hadi nyingine, tena mara kwa mara, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia "mwaka juzi ilikuwa hivi". Wizara inayosimamia uvuvi ina programu ya bure ya simu, NZ Fishing Rules, inayokuonyesha sheria za pale uliposimama hata bila mtandao. Ipakue leo.

Wanakukamataje? Maafisa uvuvi wapo, na wapo wa kujitolea wanaopita magatini siku za mapumziko wakiwa na rula. Wengine huvaa nguo za kawaida na kujifanya wateja, yule anayekuuliza "una kilo ngapi leo?" anaweza kuwa afisa. Matangazo ya mitandaoni wanayasoma. Raia naye ana namba ya bure ya kuchongea, 0800 47 62 24, na watu wa huko wanaipiga bila kuona haya. Afisa anaweza kukagua gari, boti na sanduku lako la barafu bila hati ya mahakama. Nyumba ya kuishi ndiyo inayohitaji hati. Anaweza kushika samaki, zana, na hata gari lililowabeba.

Adhabu za makosa mazito, yaani kuvunja sheria kwa makusudi ili upate faida, hufika faini ya dola 250,000 au kifungo cha miaka 5, na mahakama huweza kutaifisha gari na boti. Kwa mhamiaji kuna la pili. Mwenye ukaazi wa miaka michache akitiwa hatiani kwa kosa lenye kifungo kirefu kiasi hicho, viza yake inaweza kuingia mashakani. Ukishaitwa kuhojiwa, tafuta mwanasheria anayejua na mambo ya uhamiaji, usisubiri hukumu.

Ukisimamishwa gatini, tulia. Toa jina na anwani za kweli, fungua ndoo. Usimwage samaki baharini ukimwona afisa anakuja; hapo unaongeza kosa juu ya kosa. Kiingereza kikikupiga chenga, sema hivyo na uombe mkalimani wa Kiswahili kabla hujajibu maswali marefu.

Mambo mawili ya ajabu kabla sijanyamaza. Samaki trauti wa maziwa na mito anahitaji leseni kumvua na hauzwi kabisa nchi nzima. Hata hotelini hutamkuta kwenye menyu. Na kuna vidagaa vyeupe vinavyopanda mito majira ya kuchipua, wenyewe wanaviita whitebait: hivyo, kwa mshangao wa kila mgeni, aliyevivua kwa kufuata msimu na nyavu zinazoruhusiwa anaweza kuviuza.

Yule jamaa wa ndoo alifuta tangazo usiku uleule baada ya dada mmoja kumpigia simu. Siku hizi akipata saba zake anatuita kwake Jumapili, nasi tunakwenda na unga na mchicha. Bado tunabishana kama ule unga ni zawadi au malipo.