Mtoto Akiangukia Chuma cha Baiskeli

Watoto wanaoendesha baiskeli kubwa za kaka zao kwenye ploti zetu za Nairobi huteleza wakaangukia chuma cha katikati na kuumia sehemu za siri, na mzazi, kwa hofu au kwa aibu tu, hukimbilia spiriti, ambayo humwongezea mtoto uchungu bila faida. Kunja kitambaa safi, ukibane palipo jeraha kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, kisha uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Akilia kwamba mkojo unamwasha, mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu akojoe humo humo; njia hii rahisi husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Lakini akishindwa kukojoa, mkojo ukitoka na damu, korodani ikivimba au damu isipokoma, mpeleke hospitalini mara moja, na ubebe kijitabu chake cha kliniki ili daktari aone kama amechanjwa dhidi ya pepopunda. Ikiwa maelezo ya ajali hayalingani na jeraha, huenda mtoto amedhulumiwa; usimwogeshe wala kumhojihoji, bali umfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo; ushauri hupatikana pia kwa simu ya watoto, 116, bila malipo.